Vyombo vidogo vinavyojiendesha chini ya maji kwa ukaguzi wa sakafu ya bahari: REMUS 100, REMUS 300, Gavia na wenzake

Tarehe 29 Septemba 2019 gari dogo liliteleza kutoka kwenye feri katika kivuko cha Likoni, Mombasa, likazama likiwa na mama na binti yake. Liliopolewa tarehe 11 Oktoba kutoka kina cha mita 58, baada ya wapiga mbizi wa Jeshi la Wanamaji la Kenya na wenzao waliotoka nje ya nchi kulitafuta kwa karibu wiki mbili katika maji yenye mkondo mkali na giza. Nautaja msiba huo kwa heshima, kwa sababu unaonyesha bila kuficha kazi ambayo vyombo ninavyovilinganisha hapa viliundwa kuifanya: kukipata kitu kimoja, cha ukubwa wa gari au kidogo zaidi, kilicholala mahali ambapo mpiga mbizi haoni hata kiganja chake mwenyewe. Msomaji aishike pia hiyo namba 58. Kila chombo kitakachotajwa katika ulinganisho huu kinafika kina hicho na kukipita, na kwa hiyo anayenunua kwa ajili ya bandari na milango ya bahari, akianza kwa kuuliza ni kipi kinazama chini zaidi, ameanza na swali lisilo lake.

Ninaongelea vyombo vyenye umbo la torpido, vyenye kipenyo cha sentimita 15 hadi 24 hivi, ambavyo watu wawili, au wanne kwa vile vizito, wanaweza kuvibeba kutoka gatini hadi kwenye boti ya mpira bila winchi. Havivutwi kwa waya wala haviongozwi kwa usukani. Hupangiwa safari kwenye kompyuta, hutumbukizwa, hupita mstari baada ya mstari kama mkulima anayepiga matuta, kisha hurudi mahali palipokubaliwa. Vyombo vikubwa vya kina kirefu, kama REMUS 6000 vilivyoyapata mabaki ya ndege ya Air France 447 mwaka 2011 kwenye kina cha karibu mita 3,900, vina jina la ukoo mmoja na baadhi ya hivi, lakini huhitaji meli, mtambo wa kushushia na bajeti ya aina nyingine kabisa. Hivyo naviweka kando.

Mkongwe wa kundi hili ni REMUS 100. Ilizaliwa katika taasisi ya utafiti wa bahari ya Woods Hole, jimbo la Massachusetts, katika miaka ya 1990, kwanza kwa ajili ya wanasayansi wa pwani na baadaye kwa wanamaji. Ina kipenyo cha sentimita 19, urefu wa mita 1.6, uzito usiofika kilo 40, na kikomo cha mita 100. Kampuni ya Hydroid iliyoitengeneza ilinunuliwa na Kongsberg ya Norway mwaka 2008, kisha ikaingia mikononi mwa HII ya Marekani mwaka 2020. Jambo lililoipa sifa yake ya kijeshi lilitokea Machi 2003, pale vikosi vya Marekani vilipoitumia kutafuta mabomu ya kutegwa majini katika njia ya kuingilia bandari ya Umm Qasr, Iraki. Maji ya pale ni tope tupu na mkondo wake hauna huruma, na meli ya Uingereza Sir Galahad iliyobeba misaada ilikuwa ikisubiri njia isafishwe. Ilifunga gati tarehe 28 Machi. Karibu miaka 20 baadaye, Agosti 2022, Uingereza ilitangaza kuipatia Ukraine vyombo 6 vyepesi vya kusaka mabomu, vya kufanya kazi hadi kina cha mita 100. Tabaka hili la vyombo, basi, halijapitwa na wakati. Ukanda wa pwani ambako mabomu hutegwa na meli hupita kwa kubanana bado una kina kile kile.

Mdogo wake, REMUS 300, ana kipenyo kile kile cha sentimita 19 lakini anazama hadi mita 305, na betri yake huchaguliwa kwa ukubwa: kilowati-saa 1.5, 3 au 4.5, ambazo mtengenezaji anazihesabu kuwa saa 10, 20 au 30 za safari. Jeshi la Wanamaji la Marekani lilikichagua chombo hiki kuwa msingi wa mradi uitwao Lionfish, na Oktoba 2023 likaagiza 9 vya kwanza katika mkataba unaoweza kufikia vyombo 200 ndani ya miaka 5, kwa thamani inayozidi dola milioni 347. Mtu akigawa namba hizo atapata kama dola milioni 1.7 kwa kila kimoja, ila asiichukue hiyo kuwa bei ya dukani, kwani mikataba ya namba kubwa kama hiyo kwa kawaida hubeba pia vipuri, uhandisi na huduma. Namba hiyo inafaa kwa jambo moja tu, nalo ni kumwonya anayepanga bajeti kwamba chombo chenyewe ni sehemu tu ya gharama.

Gavia inatoka Iceland. Kampuni ya Hafmynd iliyoiunda ilinunuliwa na Teledyne ya Marekani mwaka 2010. Kipenyo chake ni sentimita 20, na inapatikana kwa kina cha mita 500 au 1,000. Kinachoitofautisha hasa ni jinsi inavyoungwa. Mwili wake ni vipande vinavyofungwa kimoja kwa kingine kwa kuzungushwa, kama mfuniko wa chupa pana: pua, betri, mfumo wa urambazaji, sona (kifaa kinachoona kwa mwangwi wa sauti), akili ya chombo, mkia wenye rafadha. Ukitaka saa zaidi unaongeza kipande cha pili cha betri. Ukitaka kupima kina kwa ajili ya ramani ya majini unaongeza kipande chenye sona inayopima kina kwa ukanda mpana. Kila kipande kinachoongezwa huongeza urefu na uzito, na Gavia iliyovikwa kila kitu hupita mita 2.5, ambapo watu wawili wataihisi mgongoni. Hata hivyo kwa kikosi kidogo chenye kazi nyingi tofauti, naiona hii kuwa sifa kubwa kuliko kile kina cha mita 1,000 kinachoandikwa kwa herufi kubwa kwenye vipeperushi.

Sasa nije kwenye jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo linaloamua, nalo ni chombo kujua kiko wapi. Mawimbi ya GPS hayapenyi majini. Chombo kikishazama, kinabaki na hesabu yake chenyewe: kipima mwendo cha Dopla hupiga sauti kwenye sakafu na kusoma mwangwi wake ili kujua kasi, na dira au mfumo wa inesha, yaani vihisi vinavyofuatilia kila msogeo na mgeuko wa chombo, hukieleza kinaelekea wapi. Hesabu hiyo hukosea kidogo kidogo, na kosa hukua kadiri mwendo unavyoongezeka. Chombo kinachotegemea dira ya kawaida kinaweza kupotoka kwa takriban asilimia 1 ya umbali, yaani mita 10 kwa kila kilomita; chenye inesha nzuri iliyounganishwa na Dopla huweza kushuka hadi asilimia 0.1, yaani mita 1. Katika kipeperushi tofauti hiyo ni nukta moja tu ya desimali. Baharini inaamua kama mpiga mbizi atashuka juu ya kitu chenyewe au atazunguka gizani huku hewa yake ikiisha.

Tofauti hiyo ina uzito zaidi kwa anayetaka ramani. Kiwango cha kimataifa cha upimaji wa majini, S-44 cha Shirika la Kimataifa la Hidrografia, katika toleo lake la 6 la mwaka 2020, kinataka upimaji wa daraja maalumu, yaani wa maeneo ambayo meli hupita zikiwa karibu kugusa chini, uwe na uhakika wa mahali usiozidi mita 2, na uweze kugundua kitu chenye ukubwa wa mita 1 kila upande. Chombo kinachopotoka kwa asilimia 0.3 kitakuwa kimeshavuka mita 2 kabla hata ya kumaliza kilomita moja, isipokuwa kiibuke kuchukua GPS upya au kisaidiwe na vipaza sauti vya majini vilivyowekwa sehemu zinazojulikana. Kuibuka mara kwa mara kunakula muda, na katika upelelezi kunakitia chombo machoni pa watu. Vipaza sauti navyo vinadai boti, boya na nusu siku ya maandalizi. Kwa hiyo, msomaji akipewa REMUS 100 ya bei nafuu isiyo na inesha na Gavia au REMUS 300 yenye inesha, ajue kwamba halinganishi vyombo vya kazi moja. Hicho cha kwanza kinatosha kusema kama kuna kitu, hivyo vingine vinaweza kusema kiko wapi hasa.

Kuhusu picha zenyewe, vyombo vyote hivi hutegemea zaidi sona ya pembeni, inayotuma sauti kulia na kushoto na kuandika mwangwi mstari kwa mstari. Anayeitazama kwa mara ya kwanza hutafuta umbo la kitu, ilhali mzoefu hutafuta kivuli. Tuseme chombo kinakwenda mita 5 juu ya sakafu, kitu kiko mita 20 pembeni, na kivuli chake kina urefu wa mita 5 hadi kuishia mita 25. Zidisha kivuli kwa kimo cha chombo, gawa kwa umbali wa mwisho wa kivuli: 5 mara 5, gawa kwa 25, ni mita 1. Hicho ndicho kimo cha kitu hicho, ingawa hakuna aliyekigusa. Katika pwani yetu mtihani wa kwanza huwa ni dema, ule mtego wa samaki wa kusukwa kwa ufito. Dema lililosahauliwa kwenye mchanga lina ukubwa na kimo kinachoshtua, na kwa sona ya masafa (frikwensi) ya chini linaonekana kama tone jeupe lenye kivuli kilichojaa, sawasawa na kitu cha chuma. Kwa sona ya masafa ya juu, kilohezi 900 na kuendelea, kivuli hicho hicho kinatoboka na matundu ya ufito wake yanaanza kuonekana, na mchambuzi anapumua. Kwa sababu hiyo ningependelea sona nzuri zaidi kwenye chombo kidogo kuliko sona ya wastani kwenye chombo kikubwa. Gharama yake ni kwamba masafa ya juu hayafiki mbali. Kwa mistari iliyopangwa mita 40 kutoka mmoja hadi mwingine na kasi ya noti 3, ambayo ni kama mita 1.5 kwa sekunde, chombo hupima takriban kilomita za mraba 0.2 kwa saa. Siku nzima ya saa 8, ukitoa kona na safari za kwenda na kurudi, itakupa kilomita ya mraba 1.5 hivi. Anayeahidiwa zaidi ya hapo kwa picha kali aombe kuonyeshwa hesabu.

Hapo ndipo saa 30 za REMUS 300 zinapopata maana, na hapo hapo ndipo zinapopaswa kupimwa kwa makini. Redio haipiti majini, na modemu ya sauti hupitisha maneno machache tu, si picha. Maana yake ni kwamba chombo kinachokaa chini saa 30 kinaweza kumnyima kamanda picha hadi saa ya 30. Kikosi kinachokagua njia ya meli itakayoingia alfajiri kinahitaji safari fupi za saa 4 au 5, data ishuke, watu wawili waitazame, chombo kingine kiwe tayari kinazama. Katika mzunguko wa namna hiyo, betri inayobadilishwa ina thamani kuliko betri kubwa. REMUS 100 huchajiwa betri ikiwa ndani, na kwa saa kadhaa inakuwa mgonjwa kitandani. Gavia huondolewa kipande cha betri na kupewa kingine. Bluefin-9 ya General Dynamics imejengwa juu ya wazo hili hasa: betri na hifadhi ya data hubadilishwa kwa pamoja chini ya nusu saa, ingawa safari yake ni ya saa 8 kwa noti 3, kina chake ni mita 200, na uzito wake wa kilo 70 unataka mikono minne ya nguvu.

Betri za akiba zina mzigo wa kiutawala ambao wengi huugundua wakiwa wameshasaini. Tangu Aprili 2016 betri za lithiamu zinazosafirishwa peke yake haziruhusiwi kama mizigo kwenye ndege za abiria, na kwenye ndege za mizigo kikomo cha chaji ni asilimia 30. Ukiagiza betri ya dharura ifike Dar es Salaam au Mombasa, usihesabu siku tatu. Nunua akiba yote mwanzoni. Vibali vya kuuza nje navyo vinahitaji subira. Vyombo hivi na mifumo yake ya inesha vimo katika orodha za bidhaa zinazodhibitiwa, na kila chenye asili ya Marekani, hata kikiwa kinarudi kiwandani kwa matengenezo, kina karatasi zake.

Iver3, inayotoka Fall River, Massachusetts, na ambayo tangu 2017 iko chini ya kampuni iitwayo sasa L3Harris, ni nyembamba kidogo kuliko REMUS 100 na inashindana nayo moja kwa moja: mita 100, uzito unaobebeka, programu ya kupangia safari iliyo rahisi kujifunza. Kwa mafunzo na kwa ukaguzi wa gati naiona inatosha kabisa. LAUV ya Ureno ni habari tofauti. Ilitoka katika maabara ya Chuo Kikuu cha Porto, ina kipenyo cha sentimita 15, uzito wake unaanzia kilo 18 hivi, na programu zake za kukiongoza chombo na kupanga safari, DUNE na Neptus, ziko wazi kwa yeyote kuzisoma na kuzibadilisha. Jeshi la Wanamaji la Ureno limekua nayo kwa mazoezi ya pamoja na wahandisi wa chuo hicho kila mwaka. Kwa nchi inayotaka vijana wake wakifungue chombo, waelewe kinavyofikiri na wakiongezee kifaa chao wenyewe, sijaona mlango ulio wazi zaidi ya huu, na kama ningekuwa na chuo cha ubaharia mkononi, hiki ndicho ningeanza nacho.

Maji yenyewe nayo yana kauli. Chombo husawazishwa kielee kidogo sana, ili kikizimika kiibuke chenyewe. Maji ya chumvi ni mazito kuliko maji baridi kwa asilimia 2.5 hivi, kwa hiyo chombo cha kilo 40 kilichosawazishwa bahari kuu kikiingia kwenye maji ya mto hupoteza karibu kilo nzima ya mwelea. Katika midomo ya Rufiji, hasa wakati wa masika, kilo hiyo ndiyo tofauti ya chombo kupanda na chombo kulala kwenye tope. Gavia na REMUS 300 zinazobadilishwa vipande zinataka kusawazishwa upya kila mara unapobadilisha. Ni kazi ya pipa la maji, vipande vya madini ya risasi na saa moja ya uvumilivu, na isirukwe.

Mkondo nao. Noti 3 ni mwendo wa starehe, na wengi wa vyombo hivi hufikia noti 4 na kitu vikikaza. Wakati wa bamvua, kwenye mlango mwembamba, maji yanaweza kula zaidi ya nusu ya mwendo huo. Niliwahi kukaa kwenye boti ya mpira, saa ya kurudi ikiwa imepita, tukitazama maji matupu. Chombo hakikuwa kimeharibika. Kilikuwa kimesukumwa nje ya mstari wake na kuingia kwenye jarife lililotegwa usiku, na tulikipata kwa sababu mwenye jarife alitupigia mkono kutoka kwenye ngalawa yake, akiuliza kwa upole kama samaki huyu wa njano ni wetu. Tangu siku hiyo swali langu la kwanza kwa kila muuzaji ni hili: chombo kikikwama kwenye wavu, kinafanya nini, na kinaniambiaje? Vipo vinavyojaribu kurudi nyuma kwa rafadha, vipo vinavyotoa mlio tu, na vipo vinavyoendelea kusukuma mbele hadi betri iishe.

Kwa hiyo, kwa kikosi cha bandari na milango yake, chenye boti ndogo na watu wachache, uamuzi wangu ni vyombo viwili vyepesi vya tabaka la mita 100, REMUS 100 au Iver3, vyote viwili vikiwa na inesha, badala ya kimoja cha gharama ileile kinachofika mbali zaidi. Kimoja kikichajiwa au kikipotea, kazi inaendelea. Kwa ofisi ya hidrografia ambayo pia inaitikia wito wa wanamaji, Gavia yenye kipande cha kupima kina inabeba kazi zote mbili vizuri kuliko mshindani wake yeyote hapa. REMUS 300 ningeiweka kwa anayelinda kitu kirefu kinachotoka pwani kuelekea kina, mabomba au nyaya za mawasiliano. Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilipokatika kusini mwa bara, intaneti iliyumba Kenya, Tanzania na Uganda kwa siku kadhaa. Ukarabati wa nyaya ni kazi ya meli maalumu, lakini kukagua kipande cha kutoka ufukweni hadi mita 300 ni kazi ambayo chombo cha saa 20 kinaifanya bila kuisumbua meli.

Vyovyote utakavyoelekea, usinunue kwa onyesho lililofanyika kwenye maji ya muuzaji. Chukua pipa la mafuta, lijaze zege, na lizamishe usiku pamoja na madema mawili na nanga kuukuu katika mlango wako mwenyewe, mahali unapopajua wewe na nahodha wako tu. Subiri bamvua. Mpe muuzaji eneo la kilomita moja ya mraba na siku moja, kisha mwambie akupe orodha: ni vitu vingapi, kila kimoja kina kimo gani, kiko wapi kwa mita ngapi za uhakika, na kipi kati yake ni pipa.